Picha Ipi ya Atomi Tuiamini?

Mwanafunzi wa kidato cha pili huchora atomi kwa bikari: nukta katikati, duara la kwanza, la pili, la tatu, na juu ya kila duara vitone vya elektroni kwa mpangilio wa 2, 8, 8. Akifika kidato cha tano anaambiwa maduara yale hayapo. Akisoma gazeti anakuta atomi ni tupu karibu yote. Akitazama filamu ya sayansi anaona wingu linalomeremeta. Basi swali linazuka lenyewe: ikiwa wanasayansi wamebadili picha mara nne au tano tangu siku za John Dalton, kwa nini tuiamini ya sasa?

Swali ni halali, na jibu la kwamba sayansi hukua halimtoshi mtu aliyelikariri duara mpaka likamfaulisha mtihani. Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba tumepewa picha tukanyimwa vipimo. Kila picha ya atomi ililetwa na kipimo fulani, ikatikiswa na kingine, na karibu kila moja iliacha kitu ambacho hakijaondoka. Ukijua kilichopimwa, unajua pia cha kushika na cha kuachia.

Je, atomi zipo kweli?

Wagiriki wa kale, akina Demokritos, huwekwa mwanzo wa kila sura ya kitabu. Tuwaruke, maana walijenga hoja bila kupima chochote.

Dalton, mwalimu wa Manchester, alipima. Mwaka 1803 aliandika orodha yake ya kwanza ya uzito wa atomi, na mwaka 1808 akaichapisha hoja yake kitabuni. Ni hoja ya mizani tu. Gramu 3 za kaboni huungana na gramu 4 za oksijeni kutoa ile gesi ya sumu ya jiko la mkaa, au na gramu 8 kutoa gesi tunayoitoa puani. Gesi ya katikati, ya gramu 5 au 6, haipatikani. Kama maada ingekuwa kitu cha kukatwa popote, mruko huo wa mara mbili kamili usingekuwa na sababu. Kama kaboni na oksijeni huja kwa punje zisizogawanyika katika kemia, sababu iko wazi: punje moja kwa moja, au moja kwa mbili.

Udhaifu wa Dalton ulikuwa kwamba mizani haihesabu punje. Alidhani maji ni haidrojeni moja na oksijeni moja, na kwa hiyo uzito alioipa oksijeni ukawa chini ya nusu ya ule unaokubalika leo. Amedeo Avogadro alitoa njia ya kutoka hapo mwaka 1811. Haikusikilizwa mpaka Stanislao Cannizzaro alipoitetea kwenye mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe mwaka 1860.

Upande wa pili haukuwa wa wajinga. Ernst Mach wa Vienna na Wilhelm Ostwald, bingwa wa kemia wa Leipzig, walishikilia kwamba atomi ni chombo cha kurahisisha hesabu, na kwamba kuiita kitu halisi ni kuvuka mpaka wa ushahidi. Msimamo huo ulikuwa na nguvu yake: uliwalazimisha wengine walete kipimo kisichotegemea imani. Gharama yake ilikuwa kulifunga swali la kilichomo ndani ya atomi hata kabla halijaulizwa.

Kipimo kilitoka kwenye tone la maji. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona vipunje vidogo vilivyotoka kwenye chavua vikitetemeka majini bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alikokotoa mtetemeko huo ungekuwa wa kiasi gani ikiwa ni molekuli za maji zinazovisukuma. Jean Perrin wa Paris akachukua utomvu wa manjano uitwao gamboge, akautengeneza kuwa vidonge vya ukubwa mmoja, akakaa na hadubini kuhesabu vingapi viko katika kila kina cha tone. Vilipungua kadiri unavyopanda juu, kama hewa inavyopungua mlimani, ila hapa upungufu ulionekana ndani ya sehemu ndogo ya milimita. Kutoka hesabu hiyo alipata idadi ya molekuli, na idadi hiyo ikakubaliana na ile iliyotoka kwenye njia nyingine kadhaa zisizohusiana: mnato wa gesi, rangi ya anga, mionzi. Njia zisizojuana zikitoa namba moja, kusema ni bahati kunakuwa kazi ngumu. Ostwald alikubali hadharani kabla mwaka 1909 haujaisha. Mach hakukubali kwa urahisi huo, na kwa wakati wake mtu angeweza bado kuwa na shaka bila kuonekana kichekesho.

Miale ndani ya bomba la kioo

Hata kabla ubishi huo haujaisha, atomi isiyogawanyika ilikuwa imeshagawanyika. Toa hewa kwenye bomba la kioo, pitisha umeme mkali, na miale itatoka upande wa kathodi, yaani ncha hasi, na kung'arisha kioo upande wa pili. Wanafizikia wengi wa Ujerumani walisema ni mawimbi. Wengi wa Uingereza walisema ni chembe zenye chaji. Heinrich Hertz alijaribu kuipinda miale kwa umeme, haikupinda, na hiyo ikawa hoja kubwa ya upande wa mawimbi.

J. J. Thomson wa maabara ya Cavendish, Cambridge, alirudia jaribio hilo mwaka 1897 akiwa na ombwe safi zaidi, na miale ikapinda. Kumbe gesi iliyosalia kwenye bomba la Hertz ndiyo iliyoua nguvu ya umeme. Thomson akapima uwiano wa chaji na uzito wa chembe hizo, akabadilisha gesi, akabadilisha metali ya kathodi, uwiano ukabaki uleule. Chembe hiyo ilikuwa nyepesi kuliko atomi ya haidrojeni zaidi ya mara elfu moja, na imo ndani ya kila kitu. Ndiyo elektroni.

Chaji ya elektroni moja ilipimwa baadaye na Robert Millikan huko Chicago, kwa kuvitazama vitone vya mafuta vikielea kati ya mabamba mawili ya umeme. Felix Ehrenhaft wa Vienna alibishana naye kwa miaka, akidai kuona chaji ndogo kuliko hiyo. Daftari za Millikan zinaonyesha aliacha vitone ambavyo hakuviamini, ingawa aliandika kwamba hakuacha hata kimoja. Hilo ni doa. Hata hivyo, namba yake, ukiirekebisha kwa mnato sahihi wa hewa, ni ileile inayopatikana leo kwa njia asizozijua. Ehrenhaft alishindwa kwa sababu chaji zake ndogo hazikuonekana popote nje ya vipimo vya aina yake.

Chumba cha giza cha Manchester

Elektroni ni hasi na atomi nzima haina chaji, kwa hiyo lazima kuwe na chanya mahali fulani. Thomson alipendekeza mwaka 1904 kwamba chanya imetandazwa katika atomi yote na elektroni zimepachikwa humo, kama zabibu kavu ndani ya mkate wa kumimina. Mwaka huohuo Hantaro Nagaoka wa Tokyo alipendekeza kinyume: kitu kizito katikati, na elektroni zikizunguka kama pete za sayari ya Zohali. Wengi wakamchagua Thomson, na walikuwa na sababu. Atomi ya Nagaoka isingetulia. Ya Thomson ilielekea kutulia. Kabla ya kipimo, utulivu ni hoja nzuri.

Kipimo kilifanyika Manchester, kwa Ernest Rutherford, Mnyuzilandi aliyekuwa tayari na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1908. Silaha yake ilikuwa chembe za alfa zinazotoka kwenye vitu vyenye mionzi.

Hans Geiger na Ernest Marsden, kijana wa miaka 20 ambaye hakuwa hata amemaliza shahada ya kwanza, walikaa kwenye giza mpaka macho yazoee, kisha wakatazama kwa hadubini kioo kilichopakwa zinki salfaidi. Kila chembe ya alfa iliyopiga pale ilitoa cheche hafifu. Kazi ilikuwa kuhesabu cheche moja moja, macho yachoke, upumzike, uhesabu tena. Rutherford alimwambia Marsden atazame kama kuna zinazorudi upande zilikotoka. Zilikuwapo. Mwaka 1909 walitangaza kwamba takriban moja kati ya 8,000 hurudi. Vitabu vingi huihusisha namba hiyo na bati la dhahabu. Kwa kweli ilipatikana kwa platinamu. Kwa dhahabu yenye unene wa sentimita 0.00004, moja kati ya 20,000 ndiyo iliyopindwa kwa wastani wa nyuzi 90.

Nguvu ya hoja ya Rutherford iko hapa, na madarasa huipita haraka mno. Katika mkate wa Thomson, chembe ya alfa ingeweza kupindwa kidogo hapa na kidogo pale, na mipindo hiyo ikijumlishwa, uwezekano wa kufika nyuzi 90 ni mdogo kiasi cha kutohesabika. Moja kati ya 20,000 inasikika kama kidogo, lakini kwa nadharia ile ni nyingi kupita kiasi. Lazima mpindo mkubwa utokee kwa kugongana mara moja tu, na hilo lataka chaji yote ya kati ikusanyike mahali padogo kuliko atomi zaidi ya mara 10,000. Mwaka 1911 Rutherford akatoa fomula ya idadi ya cheche kwa kila pembe, na Geiger na Marsden wakaithibitisha kwa vipimo walivyochapisha mwaka 1913.

Angalia ambayo hakuyasema. Makala ya 1911 haikuamua kama chaji ya katikati ni chanya au hasi, kwa kuwa hesabu hutoa jibu moja kwa zote mbili. Chaji hiyo ya katikati, yaani ya kiini, kwa dhahabu aliikadiria karibu 100, nasi tunajua ni 79. Wala hakusema elektroni zinazunguka vipi. Maduara ya daftarini hayakutoka kwenye makala hiyo.

Bohr na bei ya maduara

Kiini kiliileta tena shida ya Nagaoka. Kwa fizikia ya wakati huo, elektroni inayozunguka hutoa mwanga, hupoteza nishati, na huanguka kwenye kiini katika muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Meza, mawe na sisi wenyewe tungekuwa tumeshaporomoka.

Niels Bohr, Mdenmarki, alilikata fundo hilo mwaka 1913 kwa amri: elektroni ina mizingo maalumu tu, ikiwa humo haitoi mwanga, na hutoa inaporuka kutoka mzingo mmoja kwenda mwingine. Amri haina maelezo, na wakosoaji walilisema hilo papo hapo. Ila ililipa. Mwanga wa haidrojeni una mistari minne inayoonekana, ya nanomita 656, 486, 434 na 410, ambayo mwalimu wa Uswisi Johann Balmer alikuwa ameitungia fomula mwaka 1885 bila kujua kwa nini inafanya kazi. Kwa Bohr, fomula hiyo ilitoka yenyewe. Ikatoka pia nishati ya kuing'oa elektroni ya haidrojeni: elektronivolti 13.6.

Namba hiyo inafaa hata kwenye ubishi wa minara ya simu. Fotoni moja ya mawimbi ya simu ya gigahezi 2 ina nishati ndogo kuliko hiyo zaidi ya mara milioni moja. Mawimbi hayo yanaweza kupasha joto. Kung'oa elektroni kwenye atomi, kama ifanyavyo miale ya eksirei, hayawezi. Neno mionzi hubeba vyote viwili, na hofu hupita katikati.

Mwaka 1913 huohuo Henry Moseley alipima eksirei za elementi na kuonyesha kwamba kila moja ina namba yake, ambayo ni chaji ya kiini. Kobalti ikawekwa kabla ya nikeli ingawa ni nzito zaidi, na nafasi za namba 43, 61 na 75 zikajulikana kuwa hazina mwenyewe. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

Udhaifu wa Bohr ulijitokeza kwenye elementi ya pili tu. Heliamu, yenye elektroni mbili, ilikataa hesabu zake zote. Na mwanafunzi mdadisi anaweza kuuona udhaifu mwingine bila maabara. Duara la tatu hubeba elektroni 18. Kwa nini basi potasiamu, yenye elektroni 19, huandikwa 2, 8, 8, 1, na si 2, 8, 9? Maduara hayana jibu. Ndiyo maana somo husimama kwenye kalsiamu, namba 20. Chuma, ambacho kimejaa kila karakana, ni 2, 8, 14, 2, na huachwa kimya kimya.

Ndani ya kiini

Hapa ubishi ulikuwa mfupi. Mwaka 1919 Rutherford alitangaza kwamba alfa zikiipiga naitrojeni hutoa viini vya haidrojeni, yaani protoni. Lakini kiini cha naitrojeni kina uzito wa 14 na chaji ya 7. Nadharia iliyotawala ilisema ndani mna protoni 14 na elektroni 7 za kupunguza chaji. Ilikuwa rahisi, haikuhitaji chembe mpya, na ilieleza kwa nini baadhi ya viini hutoa elektroni. Ilianguka kwa hesabu ya spini, sifa ya chembe inayofanana na kujizungusha: chembe 21 za aina hiyo, idadi witiri, kila moja ikiwa na spini ya nusu, haziwezi kutoa spini ya namba nzima, nayo naitrojeni ilipimwa ikaonekana inayo.

Mwanzoni mwa 1932 Irène na Frédéric Joliot-Curie wa Paris waliona mnururisho usio na chaji ukitoa protoni kwenye nta kwa kasi kubwa, wakadhani ni miale ya gama. James Chadwick wa Cambridge hakuamini, maana gama ya kufanya hivyo ingehitaji nishati isiyokuwapo. Akarudia majaribio kwa vitu mbalimbali, na mwezi Februari akatangaza nyutroni. Kipimo kilikuwa karibu kilekile. Tofauti ilikuwa kwamba Chadwick aliikagua hesabu ya nishati kabla ya kuipa jina.

Wingu, na uvumi wa utupu

Louis de Broglie alipendekeza mwaka 1924 kwamba elektroni ina tabia ya wimbi. Erwin Schrödinger akaandika mlinganyo wake mwaka 1926, na Max Born akaeleza maana yake: wimbi hutoa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani, halitoi njia yake. Mwaka 1927 Davisson na Germer huko Marekani, na George Thomson huko Aberdeen, walionyesha elektroni zikifanya mitawanyiko ya mawimbi. George ni mtoto wa J. J. Baba alipata Nobel mwaka 1906 baada ya kuonyesha kwamba miale ya kathodi ni chembe. Mwana akaipata mwaka 1937 kwa kuonyesha kwamba chembe hizo ni mawimbi. Wajerumani wa zama za Hertz hawakuwa wamepotea kabisa, ingawa hawakuwa na haki ya kujisifu.

Nguvu ya picha hii ni kwamba hujibu pale Bohr aliponyamaza. Heliamu ilikokotolewa vizuri na Egil Hylleraas mwaka 1929. Potasiamu huweka elektroni ya 19 kwenye ngazi ya nne kwa sababu wingu hilo, linalopenya karibu na kiini, lina nishati ya chini kuliko nafasi zilizosalia kwenye ngazi ya tatu. Udhaifu wake ni kwamba hesabu zake ni nzito, haichoreki kwa bikari, na wanafizikia wenyewe bado hawajakubaliana wimbi lenyewe ni kitu gani.

Ndipo tufike kwenye utupu. Kwa chembe ya alfa inayopita kwa kasi, atomi ni karibu tupu. Hicho ndicho Geiger na Marsden walichopima. Kwa elektroni ya atomi jirani, nafasi hiyo imejaa. Kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925 huzizuia elektroni kukaa katika hali moja, na kanuni hiyo, pamoja na msukumano wa chaji, ndiyo inayofanya kiti kisikuangushe. Kauli ya utupu ni kweli ukitaja ni nani anayepita. Ikitolewa peke yake gazetini hupotosha.

Ipi ifundishwe?

Wanaotetea maduara wana hoja nzito: yanahesabika, yanaeleza kwa nini sodiamu hutoa elektroni moja na klorini hupokea moja, na mtoto wa miaka 15 hana hesabu za Schrödinger. Wanaotaka yafutwe wana hoja pia: kinachoingia kwanza kichwani hutoka kwa shida, na maduara huingiza njia ambayo hakuna kipimo kilichowahi kuiona.

Kwa maoni yangu pande zote zinagombea kitu kisicho chenyewe. Katika kazi ya Bohr kuna vitu viwili vilivyobebwa pamoja: ngazi za nishati, na njia za mviringo. Ngazi zilipimwa, na zipo mpaka leo katika mlinganyo wa Schrödinger kwa namba ileile ya 13.6. Njia zilikuwa makisio, zikafa. Hata nusu kipenyo cha Bohr, nanomita 0.053, kimesalia kama umbali ambao elektroni ya haidrojeni ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa. Basi mchoro wa kidato cha pili ungeweza kuwa ngazi: vipandio vilivyolala, elektroni zimewekwa juu yake, 2, kisha 8, kisha 8. Hesabu za valensi hubaki zilivyo, na potasiamu hupata nafasi ya kuelezwa baadaye bila kubomoa kitu.

Mchoro huo una faida nyingine: unaweza kupimwa shuleni. Chumvi ikiwekwa motoni hutoa manjano ya nanomita 589, na mwanga wake ukielekezwa kwenye CD ya zamani kupitia ufa mwembamba wa boksi huonekana kama mstari, si upinde wa rangi. Mwanafunzi huiona elektroni ikishuka kipandio. Cheche za Manchester hawezi kuzirudia. Huu mstari anaweza.

Ngazi nayo ina kikomo. Haionyeshi umbo, na umbo linakuwa muhimu mara tu kaboni inapoingia darasani: methani ina haidrojeni 4 zilizotengana kwa nyuzi 109.5, na hakuna kipandio kinachoweza kueleza pembe hiyo. Hapo wingu halikwepeki tena, na huo ndio wakati wa kulileta, likiwa na kazi ya kufanya.